Jedwali la "if" halijui kwamba unazungumza Kiswahili

Kama ulisoma Kiingereza sekondari, jedwali hili unalijua hata kama ni miaka kumi hujalitia machoni. Lina safu tatu. Aina ya kwanza ni jambo linalowezekana, aina ya pili ni ndoto, aina ya tatu ni majuto. Hiyo ya tatu ndiyo ilikuwa inatutoa jasho: "if", halafu wakati uliopita timilifu, mkato, halafu "would have" na kitenzi katika umbo lake la tatu. "If I had known, I would have come." Unakariri, unajaza mapengo kumi ya zoezi, mwalimu anaweka tiki, mnahamia mada nyingine.

Mimi nina ugomvi na jedwali hilo. Si kwamba ni la uongo. Ukilifuata neno kwa neno utatoa sentensi sahihi, na kwa mtu aliyebakiza wiki mbili kabla ya mtihani hilo si jambo dogo. Ugomvi wangu ni kwamba linakupa umbo bila kukupa sababu yake, na mwenye umbo tu hukwama siku anapokutana na sentensi ambayo haikuwemo kwenye zoezi. Sentensi hizo ni nyingi kuliko zilizomo.

Usidhani hili ni suala la somo la Kiingereza peke yake. Hapa Tanzania wanafunzi wengi wa shule za msingi za serikali wanasoma kwa Kiswahili, halafu wakiingia kidato cha kwanza fizikia, kemia na biolojia zote zinageuka Kiingereza. Sasa swali la fizikia liulize hivi: "What would have happened to the bulb if the switch had been left open?" Mtoto anayejua vizuri kabisa jinsi umeme unavyozunguka anaweza kueleza kilichotokea badala ya ambacho kingetokea, akapoteza alama za fizikia kwa kosa lisilo la fizikia. Na ukifika kwenye utafiti, sentensi ya namna hii ndiyo uti wa mgongo wa kila dai kwamba hiki kilisababisha kile. Ukisema vyandarua vimepunguza malaria kijijini, umesema pia, hata kama hukuandika, kwamba bila vyandarua malaria ingekuwa nyingi zaidi. David Hume alishaligusa hilo mwaka 1748. David Lewis akajenga juu yake nadharia nzima ya usababisho mwaka 1973, na mwaka uliofuata Donald Rubin akaliweka katika lugha ya takwimu ambayo hadi leo hutumika kupima dawa na miradi.

Basi tuchukue kisa kimoja cha kweli tukitumie kulipima jedwali.

London, eneo la Soho, mwisho wa Agosti 1854. Kipindupindu kinalipuka kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street na kuua zaidi ya watu 600. Daktari John Snow, ambaye tayari alikuwa akishikilia kwamba ugonjwa huo unaenezwa na maji, aliwashawishi viongozi wa parokia waondoe mpini wa pampu. Uliondolewa tarehe 8 Septemba. Hatua chache kutoka pale kulikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa kwa kipindupindu. Walikuwa wanapewa bia kazini, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Pampu ya mtaani hawakuwa na haja nayo.

Tuandike sentensi juu ya watu hao wa bia: "If they had drunk from the pump, some of them would have died." Kwa nini "had drunk" na si kitu kingine? Jedwali linajibu: kwa sababu hii ni aina ya tatu. Hilo si jibu, ni jina tu. Ni kama kumwuliza fundi kwa nini gari haliwaki, akakujibu kwamba hilo ni gari la aina ya magari yasiyowaka.

Jibu lenyewe ni zuri, na wanaisimu wanalijua siku nyingi. Kiingereza hakina kiambishi maalumu cha kusema "hili si la kweli". Kinaazima umbo la wakati uliopita. Kurudi nyuma katika wakati kunageuzwa kuwa njia ya kujitenga na ukweli. Otto Jespersen, yule Mdenishi aliyeandika sarufi kubwa ya Kiingereza, alilieleza hilo mapema katika karne ya 20. Mwaka 1975 Susan Steele akaonesha kwamba lugha zisizo na undugu wowote na Kiingereza nazo hufanya hivyohivyo. Na makala ya Sabine Iatridou ya mwaka 2000, ambayo mtu wa isimu hawezi kuikwepa, inapendekeza kitu ambacho mimi naona kingefaa kuwa ubaoni katika kila darasa: umbo hilo kwa undani wake linasema "si hapa tulipo". Ama si wakati huu, ama si ulimwengu huu.

Ukiishika hiyo, jedwali zima linageuka kuwa hesabu ya hatua. "If they drink": hatua sifuri, huenda wakanywa kweli. "If they drank": hatua moja nyuma, hawanywi, tunawaza tu. "If they had drunk": hatua mbili. Moja ya kutoka kwenye ukweli, nyingine ya kurudi hadi wiki ile ya 1854. Upande wa pili wa sentensi unatembea vilevile: "will die", "would die", "would have died". "Would" ni "will" iliyokwisha kurudi hatua moja. Haiwezi tena kubadilika yenyewe irudi ya pili, ndiyo maana inaomba msaada wa "have". "Could have" na "might have" ni hadithi hiyohiyo, sitazirudia.

Tahadhari moja. "If they drank" inaweza pia kuwa wakati uliopita wa kawaida, ikisemwa na mtu ambaye hajui kama walikunywa au la. Tazama upande wa pili: ukiona "would", kwa kawaida umeshatoka kwenye ukweli.

Sasa unaona kwa nini kuita "had drunk" hapa wakati uliopita timilifu kunapoteza watu. Katika hadithi ya kawaida, "they had drunk" maana yake walikuwa wameshakunywa kabla ya jambo fulani kutokea. Mwanafunzi makini akikutana nayo baada ya "if" anauliza: kabla ya nini? Anatafuta hilo jambo la pili, halipo. Umbo ni lilelile ila kazi ni nyingine, na jedwali linampa jina la kazi isiyohusika.

Hesabu ya hatua inatatua na ule ukurasa wa mwisho wa mada, ule wa "mchanganyiko", ambao walimu wengi huuruka. Katika kisa cha Snow kuna mjane mmoja aliyekuwa akiishi Hampstead, mbali na Soho. Alikuwa ameupenda mno ule utamu wa maji ya Broad Street, kiasi kwamba kila siku alipelekewa chupa kwa mkokoteni. Alikunywa tarehe 31 Agosti na siku iliyofuata, na tarehe 2 Septemba akafariki. Tuwawekee wanawe maneno mdomoni, wiki hiyohiyo: "If we had not sent her that water, she would be alive today." Upande wa kwanza hatua mbili, kwa kuwa chupa ilipelekwa siku iliyopita. Upande wa pili hatua moja, kwa kuwa wanazungumzia leo. Kila upande unahesabu zake. Hapa hakuna mchanganyiko wala upekee wowote, ila ukiwa na jedwali lenye safu tatu zilizofungwa, lazima uone ajabu.

Nije sasa kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Jedwali lilitungwa kana kwamba mwanafunzi anaingia darasani bila lugha kichwani.

Wewe unayesoma hapa una lugha. Unasema: wangekunywa maji ya pampu, wangekufa. Au kwa mtindo wa vitabuni: wangalikunywa, wangalikufa. Kiambishi kilekile pande zote mbili. Tena hili tulifundishwa kwa ukali. Nani hajawahi kukutana na swali la mtihani wa Kiswahili, "Sahihisha: Ungalisoma kwa bidii ungefaulu"? Kanuni ni -nge- na -nge-, -ngali- na -ngali-, ukichanganya umekosa. Kengele inalia, mwalimu wa Kiswahili anatoka, wa Kiingereza anaingia na kanuni iliyo kinyume kabisa: pande mbili zisifanane, "would" isikae baada ya "if". Hakuna anayemwambia mtoto kwamba masomo hayo mawili yanagombana. Kwa hiyo anaandika "If they would have drunk, they would have died". Kalamu nyekundu inapita.

Angalia kosa hilo vizuri. Halikutokana na uvivu wala kutosoma. Ni kanuni ya darasa la Kiswahili iliyotumika kwa uaminifu mahali pasipo pake.

Kuna na kosa la pili, nalo lina chanzo kingine. Vitabu vinatuambia -nge- ni kwa jambo ambalo bado lina nafasi, na -ngali- ni kwa lililokwisha pita. Lakini sikiliza watu wanavyoongea. "Ungeniambia jana ningekuja" haimshangazi mtu yeyote kwenye daladala. Katika maongezi -nge- inabeba yote mawili, na kazi ya kuonesha wakati imeachiwa neno "jana". Pwani utasikia na -ngeli-. Hiyo -ngali- wengi wetu tunakutana nayo zaidi kwenye maandishi na hotuba. Basi anayetafsiri kutoka kwenye -nge- ya mdomoni mwake hapati ishara yoyote ya kumwambia arudi hatua ya pili. Anaandika "If you told me yesterday, I would come." Hapa pande mbili hazifanani, kwa hiyo somo la kwanza amelielewa! Kilichokosekana ni hatua ya wakati tu. Jedwali likiyaona makosa haya mawili linatoa hukumu moja, kwamba hajui aina ya tatu, kisha linampa mazoezi yaleyale. Ni sawa na kumpa dawa moja mwenye malaria na mwenye jino bovu kwa sababu wote wana homa.

Na tusifikiri pande mbili kufanana ni ushamba wa lugha zetu. Kijerumani sanifu hutumia umbo lilelile la dhana pande zote mbili. Kiingereza chenyewe kilikuwa hivyo: katika maelezo yake maarufu ya sababu ya mwaka 1748, Hume aliandika "had" pande zote mbili, bila "would". Na Wamarekani wengi wakiwa kwenye maongezi husema "If I would have known", jambo linalowakera sana walimu wao wa sarufi. Chanzo kimojawapo unaweza kukisikia kwa sikio. Katika "If I'd known, I'd have come", ile "had" na ile "would" zote zimekatwa zikabaki "'d". Kwa anayesikiliza tu, sentensi ya Kiingereza ina kiambishi kimoja pande zote mbili, kama ya kwetu.

Kuna maelezo mengine ya makosa haya ambayo ni rahisi na ya hatari: kwamba watu wa lugha fulani hawajazoea kuwaza yasiyokuwepo. Alfred Bloom aliandika kitabu kizima cha namna hiyo mwaka 1981, juu ya Kichina, lugha isiyo na umbo la kitenzi la kuonesha dhana kinyume na ukweli. Aliwapa Wachina na Wamarekani hadithi za kusoma, Wachina wakaonekana kushindwa kutambua kwamba mambo yaliyosimuliwa hayakutokea. Mwaka 1983 Terry Au alirudia kazi hiyo, akaandika hadithi kwa Kichina ambacho Mchina angekitamka kweli, na ule ugumu karibu wote ukayeyuka. Kilichokuwa kigumu ni tafsiri. Mimi huikumbuka kazi ya Au kila nikisikia mtu anasema wanafunzi wetu "hawawezi" sentensi hizi. Mtoto wa miaka mitano anayemwambia mama "ungeninunulia viatu nisingejikwaa" anaweza sana, tena kwa nia ya kumsuta mtu.

Hadi hapa nimezungumzia umbo. Kuhusu maana, jedwali lina kosa kubwa zaidi. Karibu kila mahali limeandikiwa chini yake: aina ya tatu ni kwa jambo ambalo halikutokea. Mara nyingi ni kweli. Mara nyingine si kweli, na hizo mara nyingine ndizo mwanasayansi anazohitaji.

Rudi Hampstead. Jiweke katika nafasi ya Snow kabla hajaongea na wana wa yule mjane. Una kifo cha kipindupindu mahali pasipo na kipindupindu. Unasema: "If she had drunk water from Broad Street, she would have died in exactly this way." Je, umesema hakunywa? Hasha. Umesema hivyo kwa sababu unashuku alikunywa, na kweli alikuwa amekunywa. Alan Ross Anderson alilionesha hili mwaka 1951 kwa mfano wa mgonjwa na sumu: daktari hutumia sentensi hiihii kutetea kwamba sumu ililiwa. Maana yake "si hapa tulipo" haisemi lazima "ni uongo". Inasema tu kwamba msemaji ametoka nje ya anachokijua kwa hakika, ili aangalie mambo kwa mbali. Kiswahili kinafanya vilevile: "angekuwa amekunywa maji yale, angekufa hivihivi" inaweza kusemwa na mpelelezi aliye katikati ya kazi. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba aina ya tatu ni "halikutokea" atasoma sentensi ya Snow kinyume kabisa na hoja yake.

Nini kiwekwe mahali pa jedwali? Sihitaji kitabu kipya. Ningeanza na sentensi ya Kiswahili ubaoni, ya mdomoni na si ya vitabuni, halafu maswali mawili kwa kila upande wa sentensi: tumetoka kwenye tunachokijua, ndiyo au hapana? Na tunazungumzia sasa au zamani? Kila "ndiyo" na kila "zamani" ni hatua moja. Kisha mwalimu aseme wazi, kwa Kiswahili kama inabidi, kwamba Kiswahili kinaweka alama sawa pande zote na Kiingereza cha mtihani hakiweki. Dakika 20 zinatosha. Jedwali libaki nyuma ya daftari kwa ajili ya wiki ya mtihani.

Muda uliobaki nisingeutumia kwenye mapengo. Ningewapa "would" na "might" wabishane. Yule mjane alikuwa na mpwa wake aliyemtembelea, naye akanywa, akarudi kwake Islington, akafa. Mtumishi wa nyumba hiyohiyo pia alikunywa, na hakupata madhara makubwa. Kwa hiyo "anyone who had drunk it would have died" haisimami, "might have died" inasimama. Vivyo hivyo na mpini wa pampu. Simulizi nyingi hupenda kusema mamia zaidi wangekufa kama usingeondolewa. Snow mwenyewe hakwenda huko. Alikiri kwamba vifo vilikuwa vimeshaanza kupungua kwa sababu watu walikuwa wamekimbia mtaa, na kwamba haikuwezekana kuamua kama siku hiyo kisima kilikuwa bado na sumu. Ila kuna jambo moja la kupimia. Mtoto mchanga anayedhaniwa kuwa chanzo cha uchafuzi aliishi nyumba namba 40, jirani kabisa na pampu, na maji machafu ya nyumba hiyo yalikuwa yakivujia kisimani. Baba yake aliugua kipindupindu tarehe 8 Septemba, siku ileile mpini ulipoondolewa, na alikufa siku 11 baadaye. Sasa hesabu hatua, halafu uchague neno la pengo mwenyewe: "If the handle had still been there, the well ... have killed again."